Usipande gari la Kibosho na hiyo simu

Mkuu, simama hapohapo! Umeandika kwamba Jumamosi unatoka Moshi mjini kwenda Kibosho kurekodi wazee kwa simu, upime s na sh zao, pamoja na p, t, k, na "WAV nitageuza nikirudi" (WAV ni faili la sauti lisilobanwa). Hiyo nitageuza-nikirudi ilinila mwaka mzima.

Nilirekodi wazee 14 kulekule. Bodaboda, soda, mikate, na kwa babu mmoja ilibidi ninywe mbege kwanza ndipo akubali kutamka hata neno moja. Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni alinihakikishia: simu inatosha, faili ni faili. Sijui ujasiri ule aliutoa wapi, maana yeye mwenyewe alikuwa akichambua mashairi! Simu yangu ikahifadhi kwa AMR, aina ya faili inayobana sauti, sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 8,000 kila sekunde. Sampuli hizo hubeba sauti mpaka nusu yake tu, yaani Hz 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), na nguvu kubwa ya s iko juu ya hapo. Sh huanzia chini zaidi, kwenye 2,500 au 3,000, kwa hiyo yenyewe ilipona kidogo. Nikipima, s na sh zinatoka kama mapacha. Nikageuza zote kuwa WAV ya sampuli 44,100, faili zikanenepa, nikafurahi. Kumbe kilichokatwa hakirudi, nimejaza gunia pumba.

Praat, ile programu ya kuchambua sauti, usipoigusa mipangilio, spektrogramu yake (picha ya nguvu ya sauti) huishia Hz 5,000. Kwangu juu kulikuwa na ukanda mweupe pee, umenyooka kama umepigwa rula. Nikadhani ni urembo wa programu. Msimamizi akaugonga kwa kalamu: "Huyu bibi hana meno, au wewe huna data?" Bibi meno alikuwa nayo yote. Niliporudi kurekodi upya, wazee wawili walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

WAV, 44,100, tangu unabonyeza kitufe. Simu si mbaya sana. Ubaya uko kwenye programu ya kurekodia. Na sauti za WhatsApp usiniletee kabisa, zile hubanwa.

Hizo p, t, k zako pima toka mlipuko mpaka nyuzi za sauti zianze kutetema, basi. Uliuliza pia kuhusu takwimu: hizo mimi sijui, wapo wataalamu humu.

Leo usiku rekodi "saba" na "shaba", panua dirisha la Praat mpaka Hz 12,000, tupia picha hapa. Nikiuona ule ukanda kuanzia 4,000, nauli ya Jumamosi inywee mbege.