Nilimhesabia mwenzangu matumizi yake mbele ya kikundi: je, nilimkosea?

SWALI: Assalaamu alaykum, shekhe. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha watu waliokubaliana kutoa sehemu ya kumi ya kipato chao kila mwezi kwa ajili ya mayatima na wagonjwa. Tunahimizana sana, na Allah ametia baraka. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alitueleza kwa furaha kwamba amebadilisha makochi ya sebuleni kwake. Nikatoa kikokotoo palepale, nikawasomea wenzangu: thamani ya makochi yale ingewalisha mayatima wetu wote miezi minne. Wengine waliniunga mkono, wengine wakanyamaza. Yeye alitabasamu, akasema "kweli", na tangu siku hiyo haji tena, ingawa mchango wake bado anautuma. Je, nilikuwa nakataza israfu au nilimkosea? Na mtu ana haki gani ya kununua asichokihitaji huku akijua kuna mwenye njaa? Pia kuna wanaohoji nauli anayochukua mweka hazina kwenye mfuko wa kikundi, nao wanaambiwa waache fitina. Tuongozane vipi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na swahaba zake. Ama baad.

Dada yangu, umeleta swali lako kwa ukweli. Wengi wanaoniuliza mambo ya namna hii huwa wanaulizia "rafiki yangu mmoja". Basi nami sitazunguka: ulimkosea. Huenda hesabu yako ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, lakini hukuwa na haki ya kuipiga, na mahali ulipoipigia paliongeza uzito wa kosa.

Wamepokea Bukhari na Muslim, katika vitabu vyao vya hadithi, kutoka kwa Abu Mas'ud al-Ansari (r.a.) kwamba walipoamrishwa kutoa sadaka, walikuwa wakibeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa. Abu Aqil akaja na nusu pishi. Mwingine akaja na kingi zaidi. Wanafiki wakasema juu ya Abu Aqil: Allah hana haja na sadaka ya huyu. Na juu ya yule mwingine wakasema: huyu anajionyesha tu. Hapo ikateremka aya ya 79 ya Surat At-Tawba, inayowakemea wanaowabeza waumini kwa sadaka zao. Sikuiti mnafiki, hasha. Ninachotaka ukitazame ni hivi: mwenye kidogo alisemwa, mwenye kingi akasemwa. Jicho likishazoea kupima mkono wa mwenzio, hakuna kipimo kitakachoutosha. Leo ni makochi, kesho itakuwa safari, keshokutwa ada ya shule ya watoto wake.

Sasa tuangalie huyo mwenzako alikuwa anadaiwa nini. Kama mali yake imefika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na ikapitiwa na mwaka, anadaiwa zaka, asilimia 2.5. Anadaiwa matunzo ya wanaomtegemea, kama wapo. Anadaiwa madeni yake. Na kwenu anadaiwa ile sehemu ya kumi, kwa sababu aliiahidi, na Allah anasema katika Surat Al-Israa, aya ya 34, kwamba ahadi itaulizwa. Kwa maneno yako mwenyewe, ahadi hiyo anaitimiza hata baada ya kuumizwa. Sehemu tisa zilizobaki hakuziweka mezani kwenu. Mtu akiahidi kumi hajawapa ufunguo wa mia.

Utaniambia: lakini swahaba Abu Dharr je? Ni hoja nzito, na siwezi kuipita kama sikuiona. Abu Dharr al-Ghifari (r.a.) aliisoma aya ya 34 ya At-Tawba, inayowaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha, akaona kwamba kinachozidi haja ya mtu hakifai kuwekwa. Akiwa Sham, nchi ya Syria na jirani zake, alihitilafiana na gavana wake, Muawiya. Muawiya akisema aya hiyo imewashukia watu wa Kitabu, Abu Dharr akisema imetushukia sisi na wao. Khalifa Uthman akamwita Madina, na watu wakamzonga, mwenyewe anasema, kana kwamba hawakuwahi kumwona kabla ya siku ile. Mwisho akaenda kuishi Rabadha, mahali pa jangwani nje ya Madina, na huko ndiko alikofia. Ninampenda sana swahaba huyu. Aliishi alichokisema, na hilo peke yake linatosha kunifumba mdomo mtu kama mimi. Lakini maswahaba wengine hawakuifanya rai yake kuwa sheria ya watu wote. Ibn Umar (r.a.) alisema kwamba mali iliyotolewa zaka si ile kanzi, yaani hazina iliyolimbikizwa, inayoonywa katika aya, na huo ndio msimamo wa wengi wa wanazuoni. Abdurrahman bin Awf alikuwa tajiri mkubwa, naye ni katika kumi waliobashiriwa Pepo. Kwa hiyo ukitaka njia ya Abu Dharr, ichukue, lakini ianzie sebuleni kwako.

Hata anayetaka kutoa vyote, Mtume (s.a.w.) hakumpokelea kila mara. Ka'b bin Malik alipotubu alitaka kuitoa mali yake yote sadaka, akaambiwa abakize sehemu yake, ndiyo kheri kwake. Sa'd bin Abi Waqqas, akiwa mgonjwa, aliomba kutoa theluthi mbili akakatazwa, akaomba nusu akakatazwa, akaambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Abu Bakr naye alileta kila alichokuwa nacho na akakubaliwa. Watu hawafanani, na aliyekuwa akiwapima ni Mtume.

Je, israfu haipo? Ipo, tena Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani (Al-Israa, 27). Ibn Mas'ud (r.a.) aliufasiri ubadhirifu kuwa ni kutumia mali pasipo haki. Makochi si haramu. Yanaweza kuwa israfu kwa mtu mmoja na yasiwe kwa mwingine, kulingana na uwezo wake, nia yake na kilichomfanya anunue. Kama ameyakopea kwa riba, au amewanyima watoto wake ili majirani wamsifu, hiyo ni habari nyingine. Lakini wewe ulijua nini? Ulisikia neno "makochi" tu. Hukujua ameweka akiba miaka mingapi. Hukujua ya zamani yalikuwa na hali gani, wala kama ana mama mzee anayeumwa mgongo. Imepokewa na Muslim kwamba katika dinari unayoitoa katika njia ya Allah, unayomkombolea mtumwa, unayompa maskini na unayoitumia kwa familia yako, yenye ujira mkubwa zaidi ni hii ya mwisho. Kikokotoo chako hakina kitufe cha hilo.

Ama swali lako la kununua kisichohitajika ilhali kuna wenye njaa. Akiwapo mbele yako mtu anayekaribia kuangamia, na hakuna wa kumwokoa ila wewe, hapo kumlisha ni wajibu wako, na makochi yangoje. Wanazuoni hawana mvutano katika hilo. Lakini kujua kwamba duniani kuna njaa hakukigeuzi kila unachonunua kuwa haramu. Ingekuwa hivyo, nguo ya pili isingekuwa halali kwa yeyote, na Mtume (s.a.w.), mtu alipomuuliza kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, asingejibu kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Kinachobaki ni mlango wa fadhila, na mlango huo ni mpana: walipouliza watoe nini, waliambiwa kile kinachozidi (Al-Baqara, 219). Moyo wako unaosononeka unaponunua kitu ni moyo mwema. Uache usononeke kwa mkoba wako.

Namna ya kuhimizana ipo, na ni nzuri kuliko hesabu yako. Walikuja Madina watu wa kabila la Mudhar, hawana viatu, wamejivika mablanketi yaliyotobolewa kati. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika kwa kuona ufukara wao. Akahutubia, akahimiza kila mtu atoe alichonacho: dinari, dirhamu, nguo, hata kipande cha tende. Akaja Ansari mmoja, yaani mwenyeji Muislamu wa Madina, na mfuko ambao kiganja chake kilikaribia kushindwa kuubeba, bali kilishindwa, kisha watu wakafuatana, mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo. Hakuna aliyetajwa kwa jina kwamba ana kingi na hatoi. Waonyesheni wenzenu uhitaji ulivyo, kisha mnyamaze, kila mmoja ashauriane na nafsi yake. Na ukiona kweli mtu anapotea, mwendee peke yake. Mtume alipotaka kukosoa hadharani, mara nyingi alisema: "Wana nini watu wanaofanya kadha?"

Nami niliwahi kukaa katika kamati iliyotumia kikao kizima kujadili viatu vya mjumbe mmoja. Hesabu za mfuko hatukuzifungua siku ile.

Hapo ndipo nafika kwa mweka hazina, na hapa ninyi mmeligeuza jambo chini juu. Wanaohoji nauli hawafanyi fitina. Mfuko ni amana, na amana huhesabiwa. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya sadaka za Bani Sulaym. Aliporudi, Mtume akamfanyia hesabu, naye Ibn al-Lutbiyya akasema: hiki chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume akamwambia kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi itamfikia. Kisha akapanda mimbari kuwaonya watu wote juu ya jambo hilo, na kwenye mimbari hakutaja jina. Nauli yenyewe si haramu: hata katika zaka, wanaoitumikia wametajwa miongoni mwa wanaostahiki (At-Tawba, 60). Kubalianeni kiasi, kiandikwe, kisomwe kila mwezi mbele ya wote, na anayeuliza ajibiwe kwa karatasi, asijibiwe kwa ukali. Mwanachama akichelewesha alichoahidi, mweka hazina amuulize faraghani. Hayo mawili, mfuko na ahadi, ni ya kikao. Matumizi ya mtu nyumbani kwake si ya kikao, ila mwenyewe akiomba ushauri.

Limebaki la yule mwenzako. Nenda kwake wewe mwenyewe, usitume mtu wala ujumbe. Usianze kwa kumweleza nia yako ilivyokuwa njema, maana hiyo ni hukumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwambie umekosea, umuombe radhi. Kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya watu, asili ni kwamba uirejeshe mbele ya watu haohao, lakini muulize kwanza kama anataka, kwani huenda hataki makochi yake yatajwe tena. Akisema hataki, nyamaza, uwaambie wenzako tu kwamba ulikosea. Na akikukaribisha ndani, ingia ukae.

Wallahu a'lam.