Kipimo cha kinga na dozi ya dawa baada ya kupandikizwa figo

Ndugu wa Moshi, umeuliza kama kaka yako, ambaye tangu apandikizwe figo anasumbuliwa na maambukizi ya mara kwa mara, anaweza kupunguziwa dawa kwa kufuata kipimo cha kinga. Kipimo cha kawaida huonyesha kiasi cha takrolimasi (dawa ya kushusha kinga ili mwili usikatae figo) kilichomo katika damu kabla ya dozi ya asubuhi, lakini hakionyeshi kinga yenyewe imedhoofika kiasi gani. Kipimo cha kinga kiitwacho ImmuKnow, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2002, huchochea chembe za CD4 (aina ya chembe nyeupe za kinga) kisha hupima ATP, yaani nishati inayotengenezwa na chembe hizo; nanogramu 225 kwa mililita au chini yake huhesabiwa kuwa mwitikio hafifu, na kuanzia 525 kuwa mkali. Hata hivyo, tafiti zimepingana kuhusu uwezo wake wa kutabiri maambukizi, kwa hiyo binafsi nisingekitegemea peke yake. Kabla ya kuhangaika kukitafuta, mwulizeni daktari wake wa figo kuhusu kupima virusi vya CMV na BK (ambavyo husumbua waliopandikizwa figo), na mtajieni kila dawa anayonunua dukani (watu wengi husahau hili), kwani erithromaisini (antibiotiki) hupandisha takrolimasi katika damu na rifampisini (dawa ya kifua kikuu) huishusha. Wakati huo asipunguze dozi kwa uamuzi wake mwenyewe.