Kabla Hujatoboa Boneti, Jua Hewa Inatokea Wapi

Kuna kijana wa Igoma, hapa Mwanza, kanitumia picha ya skupu, ule mdomo wa hewa unaokaa juu ya boneti; yake nyeusi ya plastiki, ile ya kubandika kwa gundi, akauliza: "Kaka, hii nikiiweka kwenye Altezza yangu, injini itapoa?" Nilimjibu kwa neno moja, halafu nikaona haitoshi, maana swali hilo naulizwa kila nikiegesha pale Buzuruga.

Haitapoa. Skupu isiyo na tundu chini yake ni pambo. Sina ugomvi na mapambo, ila usije ukaniambia gari limepata nguvu.

Juzi nimetoka Mwanza kwenda Geita, jua la saa nane, gari limejaa watu na AC inavuma. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kule kungoja kivuko ambako zamani kuliipumzisha injini bure. Sasa unakanyaga moja kwa moja mpaka Sengerema. Geji ya joto haikutikisika. Nilipofika nikapiga picha dashibodi, nikawatumia watu fulani. Wanajijua.

Ndio haohao waliocheka nilipokata boneti. Fundi bodi wa kwanza niliyemwendea, huko Nyakato, aliishika boneti akanitazama kama nimepungukiwa: "Bosi, gari zima hili unataka kulitia kilema?" Wa pili, mzee wa makamo, akauliza kwa upole, "Ng'wanawane (mwanangu), na mvua ikinyesha?" Kazi nikampa huyo, kwa sababu lake lilikuwa swali la fundi. Kazini nako gari langu wakalibatiza jina "Jiko". Hadi leo wapo wanaoliita hivyo, na sitasema halinikeri.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Wengi wanadhani kazi ni kuingiza hewa. Hewa ya kuingia ipo tele, grili yote ya mbele ni mlango. Tabu ni kutoka. Hewa ikishapita kwenye rejeta inakuta injini, betri na msitu wa mabomba, na njia iliyobaki ni kujipenyeza kwenda chini ya gari. Presha ya humo ndani ikipanda, hewa mpya haipiti vizuri kwenye rejeta. Sasa wewe ukifungua skupu inayomwaga hewa humohumo, umeongeza presha mahali ulipotaka ipungue. Ndiyo maana yapo magari yanayochemka zaidi baada ya kuwekewa skupu, na mwenyewe anabaki kulaumu kulanti, yale maji ya kupozea injini.

Kwa hiyo anza na matundu ya kutolea joto. Skupu itafuata. Na hayo matundu hayawekwi popote panapopendeza. Kwa magari mengi, sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo tu ya rejeta, ndiyo yenye presha ndogo gari likiwa kwenye mwendo. Pale boneti inapokutana na kioo cha mbele, presha ni kubwa. Wale mnaoweka washa, vile vipete vya chuma vya kuwekea bolti, kwenye bawaba ili boneti ikae imeinuka kwa nyuma, mkisimama kwenye foleni joto linatoka kweli, lakini barabarani hewa inataka kuingilia hapohapo.

Usiniamini mimi, pima. Nilichukua mpira wa levo, ule wa mafundi ujenzi unaoonyesha maji, nikautia maji yenye rangi na kuukunja kwa umbo la U ndani ya gari. Ncha moja nikaibandika kwa tepu juu ya boneti, nyingine nikaipitisha hadi nyuma ya rejeta. Rafiki yangu akawa anaendesha kwa mwendo wa 80 kuelekea Usagara, mimi nasoma. Maji yakipanda upande wa ncha ya juu, maana yake presha ya juu ya boneti ni ndogo kuliko ya chini, na hewa itatoka pale. Ukihamisha ncha hiyo kidogo kidogo na kuweka alama za chaki, boneti yenyewe itakuonyesha pa kukata. Trafiki mmoja alitusimamisha, akauangalia ule mpira, akauliza kama tunawahisha mgonjwa hospitali ya Bugando.

Skupu yangu haimwagi hewa ndani. Chini yake kuna njia ya fibaglasi iliyozibwa kwa sponji mpaka kwenye boksi la ea klina, lile chujio la hewa ya injini. Na usidanganywe na hadithi ya upepo kusukuma nguvu kwenye injini. Ukiwa 100 kwa saa, upepo unaopiga skupu hauongezi hata nusu ya asilimia moja ya presha ya hewa tunayovuta hapa Mwanza, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Faida iko kwenye ubaridi. Hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 ya nje, na injini hula uzito wa hewa, si ujazo wake. Unaotaka ni huo uzito.

Kukata, puti, msasa na rangi ni kazi ya fundi, sina la kumfundisha. Ila msimamie asiguse mbavu za ndani za boneti, hasa karibu na loki, kwa sababu boneti ikifunguka kwenye mwendo inakuja kufunika kioo. Kingo zipakwe praima siku ileile, unyevu wa ziwa hauna subira. Ukingo wa mbele wa kila tundu uinuliwe kidogo, hewa ya juu iruke na kuvuta ile ya ndani. Na nunua boneti ya mtumba ya kukatia, ya kwako iweke stoo, kwani siku ya kuuza gari utaihitaji.

Ile mvua ya mzee? Tulitengeneza trei ya bati chini ya matundu, inapokea maji na kuyapeleka pembeni, mbali na koili na nyaya. Kwenye skupu tukaweka wavu, kwa ajili ya wadudu wa ziwani. Ukipita ufukweni jioni wakiwa wametoka, asubuhi lazima uusafishe.

Na vijana wenzangu, tuambiane ukweli. Gari lako linachemka, fundi ameng'oa thamostati (kidhibiti joto cha injini) na kutupa, rejeta unaijaza maji ya bomba yanayoacha kutu, feni moja imekufa, halafu unatafuta skupu? Tengeneza hivyo kwanza. Kisha pima. Ukishapima, pima tena, maana watu wanapenda kukata kabla ya kupima, halafu wanakuja kuniomba picha za boneti yangu waige. Gari lako si langu, alama zako za chaki hazitafanana na zangu.

Wenye Subaru za turbo ambazo intakula, kile kipoza hewa ya turbo, imelala juu ya injini, nyie msikate kitu. Tafuteni boneti ya kiwandani yenye skupu yake, na mkiinunua dai na sponji ya kuziba kati ya skupu na intakula. Wauzaji wengi huiacha, na bila hiyo hewa inapita pembeni.