Nilimsifu binti yangu, akasema sikumwona uwanjani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43 na tangu utotoni mpira haujanikaa moyoni. Wenzangu walipokimbilia uwanjani, mimi nilitafuta kivuli nikachokonoe redio mbovu. Sasa nimeoa shabiki kindakindaki, na binti yetu wa miaka 14 anachezea timu ya shule, namba sita. Jumamosi iliyopita nilikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza. Nilisimama mwanzo hadi mwisho, nikapiga makofi kila wenzangu walipopiga. Baada ya mechi nikamwambia, "Umecheza vizuri sana, mama." Akasema, "Baba, wala hukuniona." Kweli sikumwona. Nilikuwa nautazama mpira, na mpira haukuwa kwake. Nyumbani nako mechi ikiwekwa kwenye televisheni nasinzia kabla ya mapumziko, na nikiuliza swali nazomewa. Sitaki kujifanya shabiki. Je, mtu wa umri wangu anaweza kuupenda mpira kwa dhati? Aanzie wapi?
Baba Mgeni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe: "nilikuwa nautazama mpira." Usingizi wako unatoka hapohapo, wala hauna uhusiano na umri.

Tufanye hesabu. Mechi ni dakika 90. Ukitoa muda wa mipira ya kurusha, faulo, kona na wale wanaogaagaa chini wameshika mguu, mpira unachezwa kwa takribani saa moja, mara nyingi pungufu. Gawanya dakika hizo 60 kwa wachezaji 22: wastani wa kila mmoja haufiki dakika tatu. Mechi za shule huwa fupi, lakini uwiano ni uleule. Yaani binti yako akicheza hata mechi ya maisha yake, muda mwingi kabisa miguuni hana kitu. Anachokifanya katika muda huo ndiyo kazi yake, na ndicho alichotaka baba yake akione.

Tena una bahati, maana namba sita ndiyo shule nzuri kuliko zote kwa mtazamaji mpya. Huyu ni kiungo mkabaji, anayekaa mbele ya mabeki wa kati. Akifanya kazi yake sawasawa, hakuna kinachotokea: pasi ya hatari haipigwi kwa sababu amesimama kwenye njia yake, na shambulizi linarudi nyuma kwa sababu mlango umefungwa. Ndiyo maana hata watu wa mpira humsahau. Mwaka 2003 Real Madrid, wakiwa mabingwa wa Hispania, walimwachia Claude Makélélé aende Chelsea, katika usajili uleule waliomleta David Beckham. Makélélé hakuwa mtu wa mabao wala chenga za kuinua majukwaa. Madrid hawakuuona tena ubingwa wa ligi hadi 2007, na Chelsea wakatwaa wa Uingereza 2005 na 2006. Si yeye peke yake aliyesababisha yote hayo, lakini Waingereza mpaka leo nafasi ile huiita kwa jina lake.

Mechi ijayo usisimame nyuma ya lango. Kaa usawa wa mstari wa kati, na kama kuna ngazi au kilima panda, maana ukiwa juu unaiona nafasi kati ya mtu na mtu, ambayo ukiwa chini huioni. Beba kikaratasi na kalamu. Kwa dakika kumi za mwanzo mtazame binti yako tu, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Utahangaika, macho yatavutwa kwenye mpira kama nzi kwenye taa. Yarudishe. Hesabu kitu kimoja: kabla hajapokea pasi, anageuza kichwa mara ngapi kutazama nyuma ya bega lake? Kiungo mzuri hutazama kabla mpira haujamfikia, kwa hiyo ukimfika anajua tayari nani yuko mgongoni na nani yuko huru. Asiyetazama hupokea kwanza, kisha ndipo anaanza kutafuta, na hapo ndipo anaponyang'anywa. Watu wengi watasema "ana miguu mizito" wakati tatizo lilikuwa shingoni.

Dakika kumi zinazofuata, angalia anasimama wapi beki wa pembeni anapopanda kushambulia. Namba sita mwenye akili husogea kidogo kuziba pengo lile, hatua tano au sita tu, kabla hata mpira haujapotea. Halafu angalia mipira ya juu. Wawili wanaporuka kupiga kichwa, wewe usiwatazame wao. Tazama nani amejiweka pale mpira utakapodondokea. Mara nyingi mpira unaokotwa na aliyeanza kutembea mapema, huku mwenye mbio anafika umeshachukuliwa.

Na mdomo uufunge. Baba anayepiga kelele "Piga! Piga!" pembeni ya uwanja anamwambia mtoto kitu kimoja, kocha anamwambia kingine, na katika ile nusu sekunde ya kuamua kuwasikiliza wawili mpira unakwenda. Shangilia, taja jina lake, inatosha. Maelekezo yana mtu wake.

Sasa televisheni. Kamera hufuata mpira na kuonyesha kipande tu cha uwanja, kwa hiyo inakulea kwenye ugonjwa uleule. Kuna dawa. Mechi ikianza, dakika tano za kwanza hesabu mabeki: ni watatu au wanne? Kisha hesabu viungo mbele yao. Ukishajua kama ni wanne, watatu, watatu au vinginevyo, wale watu 11 hawatakuwa tena kundi la siafu. Chagua mmoja, mtazame robo saa, kisha hamia kwa mwingine. Bao likiingia, wakati wa marudio achana na mfungaji, kila mtu anamwona. Jiulize mpira ulipotea wapi sekunde 15 au 20 kabla, na nani hakurudi. Bao ni risiti tu; ununuzi ulishafanyika nyuma huko.

Ndiyo maana sikushauri uanze na video fupi za mabao. Zinakuonyesha miisho bila sababu, na zinakufundisha kutarajia kitu kila sekunde kumi. Katika ligi kubwa wastani ni kati ya mabao mawili na nusu na matatu kwa mechi, kwa hiyo anayengoja mabao tu anakaa nusu saa au zaidi kwa kila tukio. Nani asingesinzia? Wala usianze na fainali kubwa. Fainali nyingi ni za woga, kila timu inaogopa kukosea kwanza. Anza na mechi ya kawaida ya katikati ya msimu, ambayo walio chumbani hawana presha nayo na watakuvumilia.

Kuhusu maswali, pengine hawakukasirikia swali bali saa yake. Uliza mpira ukiwa umekufa: kipa anapojiandaa kuupiga kutoka golini, daktari anapoingia, mchezaji anapobadilishwa. Usiulize wakati wa kona au mpira wa adhabu karibu na lango, hata kama nyumba inaungua. Yaliyobaki yaandike, mapumziko yana dakika 15. Mkeo shabiki, mtumie. Kabla ya mechi mwombe akupe kitu kimoja cha kutazama, kimoja tu. Shabiki akiulizwa hivyo hujisikia profesa, na hutazomewa tena.

Kitu kimoja huwezi kukikwepa: kuotea. Bila hicho nusu ya mchezo itabaki fumbo. Chukua vizibo vinane vya chupa na karanga moja iwe mpira, panga mezani. Mshambuliaji yuko kwenye nafasi ya kuotea kama, wakati mwenzake anapougusa mpira kumpa, kichwa, mwili au mguu wake uko kwenye nusu ya wapinzani, na uko karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiki. Wa mwisho huwa ni kipa, ndiyo maana watu husema "beki wa mwisho", lakini kipa akitoka mbele hesabu inabadilika na hapo ndipo wengi hubishana bure. Akiwa sawa nao mstari mmoja, hajaotea. Na kuwa kwenye nafasi hiyo si kosa mpaka aingilie mchezo au afaidike nayo. Hakuna kuotea kwa mpira unaotoka moja kwa moja kwenye kona, mpira wa kurusha au mpira wa goli.

Wanaoanza hukosea palepale: wanaangalia alipo mshambuliaji anapoupokea mpira. Unatakiwa kuangalia alipokuwa mpira ulipopigwa. Katika nafasi hiyo ndogo ya muda mtu mwenye mbio anasogea mita kadhaa. Usishangae pia kibendera kikichelewa kuinuka. Tangu waamuzi wa video waingie rasmi kwenye sheria mwaka 2018, kwenye mechi zenye video mshika kibendera huliacha shambulizi lenye utata limalizike kwanza, ili kama alikosea bao lisiwe limeuawa bure.

Ukishaielewa sheria hii utaanza kuuona mstari wa mabeki ukipanda na kushuka kama watu waliofungwa kamba moja, na utamwona yule mmoja aliyechelewa kupanda akawabakisha washambuliaji wote halali. Sheria yenyewe ilikuwa kali zaidi zamani: hadi 1925 walihitajika wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na goli. Walipopunguza hadi wawili mabao yakafurika, na makocha wakalazimika kumrudisha kiungo wa kati awe beki. Mwaka 1992 wakamkataza kipa kudaka kwa mikono pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake, kwa sababu Kombe la Dunia la 1990 lilikuwa limewachosha watu: mabao 115 katika mechi 52. Kwa hiyo hukuwa peke yako kusinzia. Hata wenye mchezo waliona aibu.

Kuelewa, hata hivyo, kunakupa heshima tu. Mapenzi yanakuja ukiwa na cha kupoteza, maana yake uwe na timu. Chagua moja ambayo unaweza kuifuata kila wiki, na ukishaichagua usiihame. Isiwe lazima bingwa. Timu inayopigania kutoshuka daraja hukufundisha hesabu za msimamo haraka zaidi. Ligi ya timu 20 ina mechi 38 kwa kila timu, ushindi pointi tatu, sare moja. Fuata msimu mzima, hata zile sare tasa za katikati ya wiki.

Chukua tarehe 13 Mei 2012. Manchester City na Manchester United walimaliza ligi ya Uingereza wakiwa sawa kwa pointi 89, City wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao, 64 dhidi ya 56. Hadi dakika 90 zinakatika, City walikuwa nyuma 2–1 nyumbani dhidi ya QPR waliobaki kumi. Edin Džeko akasawazisha, Sergio Agüero akamaliza kazi dakika ya nne ya nyongeza. Aliyewasha televisheni siku ile peke yake aliona mtu amevua jezi anakimbia. Aliyefuatilia tangu Agosti alikuwa amebeba mechi 37 mabegani, na kama ni shabiki wa City wa siku nyingi, miaka 44 bila ubingwa wa ligi. Picha ni ileile. Uzito ndio tofauti.

Mawili ya kukataza. Usinunue jezi katika mwezi wako wa kwanza wa ushabiki, subiri timu ifungwe kwanza ndipo ujue kama unaipenda. Na usibeti ili "mechi inoge". Ukiweka pesa hutamtazama tena namba sita wala mstari wa mabeki. Utatazama saa na pesa yako, na timu yako ikishinda lakini mkeka ukachanika utakasirika nayo. Nimeona barua nyingi za nyumba zilizoanzia hapo.

Jipe mechi kumi kwa utaratibu huu. Zikipita kumi na bado unasinzia, mwambie mkeo ukweli na uende ukalale, hakuna dhambi. Ila mechi za binti yako hazimo kwenye hesabu hiyo, hizo nenda tu.

Jumamosi, mkirudi, usianze wewe kuizungumza mechi. Ngoja aanze, hasa kama wamefungwa. Akianza, usimwambie amecheza vizuri. Toa kikaratasi chako: "Dakika kumi za mwanzo uligeuza kichwa mara kumi na nne. Baada ya mapumziko mara sita. Ulichoka, au walikubana?" Kisha nyamaza umsikilize.

Shangazi