Kipimo kimesema hana malaria, mgonjwa bado anatetemeka

Mrina asali karudi toka porini, homa wiki ya pili, kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Nimpe dawa mseto tu? (Muuguzi, Urambo)

Usimpe. Kipimo kile kinatafuta protini za vimelea vya malaria, basi. Mvue shati umkague: kuna kidonda kilichovimba pale inzi ndorobo alipomuuma? Tezi je? Malale ya upande wetu wa Afrika haikawii, inaua ndani ya miezi. Weka tone la damu kwenye kioo, litazamwe kwa hadubini likiwa bado bichi. Vimelea vyake utaviona vikijinyonganyonga na kuzisukuma chembe nyekundu. Ukiviona, mpe rufaa siku hiyohiyo.

Muulize pia alikuwa analala wapi. Nyumba kuukuu ya udongo ina papasi, aina ya kupe, na homa anayoleta hukatika siku kadhaa kisha ikarudi. Hiyo nayo inasakwa kwenye kioo. Doksisaiklini inaitibu, ila saa chache baada ya dozi ya kwanza homa hupanda na presha huweza kushuka. Mlaze umwangalie, usimruhusu kwenda nyumbani.

Shikamoo daktari. Nimemaliza dawa mseto, wiki imepita, kipimo bado kinasema malaria. Dawa feki? (Mama, Ujiji)

Marahaba. Si lazima. Protini inaweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa imekata? Tulia. Imerudi? Dai upimwe kwa hadubini. Na siku nyingine meza dawa hiyo na chakula chenye mafuta, hata mgebuka wa kukaanga. Bila mafuta hainyonywi vizuri.

Kila nikipima naambiwa malaria na taifodi. Mbona siponi? (Bodaboda, Kasulu)

Huenda taifodi huna. Kipimo cha Widal kinaangalia kingamwili, nazo hubaki mwilini muda mrefu, au huchochewa na maradhi mengine. Kuotesha damu ndiko kunakothibitisha. Kama unachomwa sindano za taifodi kila mwezi, ziache.

Huku mwambao mtu anaharisha maji kama ya mchele, dripu zimebaki mbili. (Tabibu, Kigoma Vijijini)

Mtendee kama kipindupindu, usingoje maabara. Dripu ni za aliyelegea au asiyeweza kunywa. Wengine wape ORS, dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa, kidogokidogo, hata akitapika. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpigie mganga mkuu wa wilaya leo. Kijijini Kagunga mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni, ugonjwa huu ulienea kwa kasi.