Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kupiga Hema Mlimani

Swali: Tunakwenda kupiga kambi siku mbili katika hifadhi ya mlima wenye msitu. Kila mtu abebe blanketi ngapi?

Jibu: Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara muulizaji huwa amesahau kutaja kambi iko mwinuko gani, ilhali hapo ndipo penye jibu. Halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo jioni ya nyuzi 22 langoni inaweza kuwa jioni ya nyuzi 9 katika kambi iliyo mita 2,000 juu ya lango hilo, na alfajiri bado haijafika. Pamoja na hayo, wengi hujifunika vizuri na bado wakatetemeka, kwa kuwa mwili hupoteza joto jingi kupitia ardhini: uzito wako hugandamiza blanketi la chini mpaka ile hewa inayotunza joto inakwisha. Tafuteni kwanza godoro jembamba la sponji, kisha ndipo mzungumzie blanketi. Mimi mwenyewe niliwahi kutandika blanketi tatu nikajiona nimejiandaa. Saa 9 usiku nilikuwa nimeketi, mikono kwapani, nikidondokewa na matone kutoka kwenye dari ya hema, nayo hayakuwa ya mvua bali ya pumzi zetu wenyewe, kwa sababu tulikuwa tumeziba kila tundu la hewa.

Swali: Je, tunaweza kuingiza jiko la mkaa hemani kwa dakika chache, lipashe joto kisha tulitoe?

Jibu: Hapana. Si kwa dakika chache, si kwa mlango ulio wazi nusu, wala si kwa makaa yaliyokwisha kutoa moshi. Nimeshalijibu swali hili, na nitaendelea kulijibu kwa ukali uleule. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, yaani zilezile ambazo mpanda mlima huzidhania kuwa ni uchovu au athari za mwinuko, akajilaza apumzike, asiamke tena. Anayetaka joto na ale chakula cha moto, avae soksi kavu, kisha aingie kulala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara.

Swali: Ramani ya kwenye simu inatosha?

Jibu: Inatosha mpaka betri izimike, na baridi huidhoofisha betri upesi, bebeni ya karatasi.

Swali: Kutoka langoni hadi kambini ni kilomita 10. Tukianza saa 10 alasiri tutawahi?

Jibu: Hamtawahi. Kilomita pekee hazisemi lolote kuhusu mlima. Kanuni aliyoitoa William Naismith wa Scotland mwaka 1892 inakadiria saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yenu ikipanda mita 1,200, hizo ni saa nne bila mapumziko, bila matope na bila yule mwenzenu aliyevaa viatu vipya. Chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko mahali pa wazi, na kusimika hema kwa tochi mnapolowa ni kazi ambayo simtakii mtu. Anzeni asubuhi.

Swali: Maji ya kijito cha msituni ni maangavu. Yanahitaji kuchemshwa?

Jibu: Ndiyo. Yaacheni yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000, kwa maana huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ajabu ni kwamba wanaouliza habari za maji hawaulizi habari za choo: pasipo na choo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, kisha mlifukie.

Swali: Tupige hema chini ya mti mkubwa ili utukinge na mvua?

Jibu: Inueni macho kwanza. Tawi lililokauka huanguka hata siku isiyo na upepo, radi hupenda miti mirefu, na mvua ikishakatika mti huendelea kudondosha maji juu ya hema kwa muda mrefu.