Mawe yanayowaka gizani: ulizeni namba kabla ya bei

*Mwalimu, hapa Nakuru mjini kuna tochi za zambarau za bei rahisi. Ninunue moja nitafutie mawe yanayowaka? – Mpenda mawe, Gilgil*

Muulize muuzaji namba kwanza, yaani urefu wa wimbi la mwanga wa tochi, unaopimwa kwa nanomita. Atakumulikia noti au shati jeupe, liwake buluu, nawe utoe pesa. Usishawishike: shati huwakishwa na kemikali za sabuni ya unga, na hata tochi hafifu huweza kazi hiyo. Nyingi za bei rahisi ni za nanomita 395. Hizo humwaga zambarau nyingi inayoonekana kwa macho, jiwe zima likawa zambarau na mng'ao wake mdogo ukamezwa. Tafuta ya 365 yenye kioo cheusi mbele. Kioo hicho ni kichujio: huzuia mwanga wa kawaida na kupitisha urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho unaowasha mawe. Usiku imulike kwenye udongo mtupu. Ukiona duara la zambarau kali, irudishe. Yangu ya 395 sikuitupa, hunionyesha nge nyuma ya choo, maana nao huwaka.

*Nachimba dhahabu Migori. Taa hii itanionyesha mkanda? – Mchimbaji*

Hapana, ndugu yangu, dhahabu haiwaki. Inayowaka ni sheelaiti, madini ya tungsteni ambayo pengine hukaa na dhahabu ndani ya kwatzi. Hiyo hutoa buluu nyeupe, lakini kwa taa ya mawimbi mafupi, nanomita 254. Ukiipiga kwa 365 utaipita kama kokoto.

*Na lile jiwe jeusi la kioo, la Eburru? – Naivasha*

Kwa kawaida haliwaki. Lipende kwa makali yake.

*Nimeokota jiwe jeupe Mlima Homa. Nina 365 nzuri lakini jiwe limenyamaza. Tochi ni mbovu? – Mwanafunzi, Kisumu*

Huenda tochi ni nzima. Mlima Homa una kabonatiti, mwamba uliojaa kalsaiti, madini ya chokaa, na kalsaiti safi haina la kuonyesha. Manganizi kidogo ndani yake ndiyo huipa rangi ya machungwa au nyekundu. Chuma kikizidi, huzima yote. Livunje, sugua vumbi, kaa gizani dakika kumi macho yazoee, kisha mulika ule uso mpya. Likinyamaza tena, jaribu kwa 254 kabla ya kulitupa.

*Mama watoto anasema taa ya 254 itanipofusha. Anazidisha? – Kakamega*

Msikilize. Mawimbi mafupi huunguza jicho kama mwanga wa kuchomelea vyuma, na hutahisi chochote pale pale. Mimi niliangalia balbu yangu sekunde chache tu, nikala chajio vizuri, na usiku wa manane nikaamka kama aliyemwagiwa mchanga machoni. Vaa miwani ya kinga na mikono mirefu, wala usiwamulikie watoto. Ukitaka kujua kama uliyouziwa ni 254 kweli, weka kipande cha kioo cha dirisha kati ya taa na jiwe linalowaka. Mawimbi mafupi hayapiti kioo hicho, kwa hiyo jiwe litazimika.